Mwindaji, mfugaji na gari la mtalii: pori la chini ya Milima ya Upare ni la nani?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina damu yao Upareni. Wapo waliooa Usangi, wapo walioolewa Same, wapo waliokwenda kusomesha wakabaki huko. Kutoka kwa familia za namna hii yametufikia masuali mawili ambayo kwa juu juu hayafanani. La kwanza ni la jikoni: nyama ya paa iliyoletwa Kighare alfajiri na vijana wa pikipiki, na mwenye nyumba hajui kama mnyama alipigwa, aligongwa au alichinjwa. La pili ni la siasa: madhali miongoni mwa wawindaji wakubwa wa Tanzania Bara wamo ndugu zetu wa Kiislamu kutoka Ghuba, je, Muislamu wa visiwani asimame upande wao pale wafugaji wanapolalamika?

Tumeona tuyajibu pamoja, kwa sababu mzizi wake ni mmoja. Kuna ardhi ambayo si shamba la mtu. Anaingia mwindaji na bunduki yake, anaingia mtalii na gari lake, anaingia mfugaji na ng'ombe wake, na anaingia kijana na pikipiki usiku. Kila mmoja anaona wenzake ndio waliomharibia. Nani ana haki, na haki hiyo ina mipaka gani?

Kwa asiyeijua Kighare: ni kata ya wilaya ya Mwanga, katika Usangi, Upare ya Kaskazini. Juu yake uko msitu wa Kindoroko. Mlimani watu wanaishi kwa migomba, kahawa na mifereji ya maji, na misikiti ni mingi. Ukishuka, hali ya hewa inabadilika kabisa. Upande wa magharibi unafika kwenye tambarare kavu za bwawa la Nyumba ya Mungu. Upande wa mashariki unalikuta Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya, na ng'ambo ya mpaka ni hifadhi ya Tsavo Magharibi. Kusini mashariki, kuanzia karibu na mji wa Same mahali palipo lango la Zange, inaanza Mkomazi. Wanyama hawana pasipoti. Tembo wa Tsavo wanavuka wakifuata maji na mahindi. Kwa hiyo mtu wa mlimani anaweza kuishi maisha yake yote bila kumuona tembo, na binamu yake aliyehamia tambarare akalala macho wakati wa mavuno akipiga madebe.

Mkomazi ndiyo mfano wa kuanza nao, kwa kuwa iko mlangoni. Wakoloni wa Kiingereza waliifanya pori la akiba mwaka 1951. Wakati huo baadhi ya wafugaji waliachwa waendelee kuchunga ndani yake. Miaka ikapita, mifugo ikaongezeka, Wamasai na wengineo wakaingia, na Wapare nao walikuwa na ng'ombe wao humo. Kufikia mwaka 1988 Serikali iliamua kuwatoa wote. Waliotolewa walikwenda mahakamani, Mahakama Kuu Moshi na baadaye Mahakama ya Rufani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja yao kwamba ile ni ardhi yao ya asili kwa mila. Mwaka 1997, kabla hata kesi haijamalizika, vifaru weusi waliletwa Mkomazi kutoka Afrika Kusini na kuwekwa ndani ya uzio. Mwaka 2008 pori likapandishwa daraja likawa hifadhi ya taifa chini ya TANAPA.

Kupandishwa daraja si jina tu, na hapa wengi wanachanganyikiwa. Katika pori la akiba, sheria inaruhusu uwindaji kwa kibali. Katika hifadhi ya taifa hauruhusiwi uwindaji hata kwa tajiri mwenye kibali cha namna gani. Anayeingia ni mtalii wa kutazama na kupiga picha, naye haruhusiwi kutoka nje ya barabara kwa gari lake apendavyo. Katika pori tengefu uwindaji wa kibali upo na watu mara nyingi wapo pia, na hapo ndipo ugomvi unapowaka. Kisha kuna ardhi ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Juu ya tabaka zote hizo imeandikwa kwamba ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Neno hilo mdhamini msomaji wetu alitie akilini. Kwa lugha yetu ya dini ni amana, na mwenye amana ana hesabu.

Kwa hiyo Mkomazi ya leo imemfungia nje mwindaji na mfugaji, ikamfungulia gari la mtalii. Kwa wanyama ni kheri, hatukatai. Lakini aliyetolewa mwaka 1988 hakuona tofauti yoyote pori lilipobadilishwa jina. Ng'ombe wake alikuwa nje wakati wa wawindaji, na yuko nje wakati wa wapiga picha.

Ugomvi wa wazi kati ya mwindaji na gari la mtalii haukutokea Mkomazi. Umetokea Loliondo, kaskazini mwa mkoa wa Arusha, pembeni ya Serengeti, na umedumu kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1992 kampuni ya Ortello Business Corporation, OBC, yenye wenyewe kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, ilipewa kitalu cha uwindaji katika pori tengefu la Loliondo. Magazeti yalipiga kelele sana wakati ule. Vijiji vya Wamasai vilikuwa vimo ndani ya eneo hilo hilo, vimesajiliwa kisheria. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 baadhi ya vijiji hivyo vilifanya mikataba na kampuni za utalii wa picha: kampuni inaweka kambi, watalii wanatembea na kutazama wanyama, kijiji kinalipwa moja kwa moja na skuli inapata bati.

Basi pori moja likawa na wateja wawili wasiopatana. Mtalii wa picha anataka mnyama aliyetulia, aliyezoea gari, asiyekimbia. Mwindaji anatoa fedha nyingi kwa mnyama mmoja, na hataki gari la watalii lipite mbele ya shabaha yake, wala mtalii hataki kusikia mlio wa bunduki akiwa na kikombe cha chai mkononi. Mwaka 2000 Serikali ilitoa kanuni za uwindaji wa kitalii ambazo ziliamua ugomvi kwa upande mmoja: ndani ya kitalu cha uwindaji, utalii wa kutazama na kupiga picha haukuruhusiwa bila ya idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Mikataba ya vijiji ikawa imening'inia hewani. Kijiji kilichokuwa na mapato yake kikaambiwa kwamba mgeni wake si halali, na mgeni wa Wizara ndiye halali.

Tunaona hapo ndipo lilipofanyika kosa kubwa, kuliko hata yale yaliyofuata. Ugomvi wa mwindaji na mpiga picha ungeweza kugawiwa kwa wakati na kwa mahali. Msimu wa uwindaji wa kitalii una mwanzo na mwisho wake kila mwaka, haukosi kuwa na miezi mitupu. Bonde hili kwa huyu, bonde lile kwa yule. Wamarekani, ambao ardhi yao ya umma ni kubwa mno na wawindaji wao ni wengi, waliingia katika ugomvi wa aina hii zamani: mwindaji wa miguu analalamika kwamba magari na pikipiki za porini zimemfukuzia mawindo. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri kwamba mashirika yanayosimamia ardhi ya umma yaainishe njia na maeneo ambayo vyombo hivyo vinaruhusiwa na yale ambayo haviruhusiwi, na kwamba uamuzi huo upunguze migongano baina ya watumiaji. Ugomvi haukwisha, lakini ulipata meza ya kukaliwa. Loliondo meza haikuwekwa. Palikuwa na kibali tu.

Yaliyofuata yanajulikana. Julai 2009 maboma ya wafugaji yalichomwa moto katika operesheni ya kuwaondoa. Agosti 2017 yakachomwa tena. Mwishoni mwa mwaka ule Waziri wa Maliasili alitangaza kwamba OBC itaondoka, lakini haikuondoka. Juni 2022 vyombo vya dola viliingia kuweka vigingi vya mpaka wa kilomita za mraba 1,500. Askari polisi mmoja akauawa, wanavijiji wakajeruhiwa, wengi wakavuka kwenda Kenya kutafuta matibabu. Eneo likapewa jina la Pololeti. Septemba 2022 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitupa kesi ya vijiji, na Novemba 2023 kitengo chake cha rufaa kikatengua hukumu hiyo na kurudisha kesi isikilizwe upya. Desemba 2024 Rais Samia alikutana na wawakilishi wa Wamasai wa Ngorongoro na kuahidi tume mbili, moja ya masuala ya ardhi. Serikali kwa upande wake imekuwa ikisema siku zote kwamba eneo lile ni mapito ya nyumbu na chanzo cha maji ya Serengeti, na kwamba mifugo imezidi. Hoja ya maji si ya kubeza.

Sasa tuje kwenye dini yetu, maana hapa si mahali pa kurudia habari za magazeti tu.

Uislamu unaijua ardhi iliyohifadhiwa. Fuqaha wanaiita hima. Wakubwa wa Kiarabu kabla ya Uislamu walikuwa wakijitengea malisho mazuri na kuwafukuza wengine, na Mtume (s.a.w.) akabatilisha desturi hiyo: katika hadithi iliyomo katika Sahih Bukhari, hima haiwi ila kwa ajili ya Allah na Mtume Wake, maana yake kwa maslahi ya umma wote, si kwa starehe ya mkubwa. Mwenyewe alihifadhi Naqi' kwa farasi wa jihadi. Sayyidna Umar (r.a.) akahifadhi Rabadha kwa ngamia wa zaka na wa jeshi.

Kisa cha Umar na mtumishi wake Hunayy, ambaye alimpa usimamizi wa hima, tunatamani kila mkuu wa hifadhi akisome. Kimo katika Bukhari vile vile. Umar alimuagiza awe laini kwa watu, aogope dua ya aliyedhulumiwa, na amruhusu mwenye kijikundi kidogo cha ngamia au cha mbuzi aingie kuchunga. Kisha akamtahadharisha na mifugo ya Abdur-Rahman bin Auf na ya Uthman bin Affan. Hao ni maswahaba waliobashiriwa pepo! Lakini walikuwa matajiri, na Umar akatoa hoja yake wazi: mifugo yao ikifa, wao wana mitende na mashamba ya kurudia; mifugo ya maskini ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa akidai, na khalifa hataweza kumuacha, na kumpa majani leo ni rahisi kuliko kumpa dhahabu kesho. Akamaliza kwa kukiri kwamba watu wa pale wanamuona amewadhulumu, kwa kuwa ile ni nchi yao, waliipigania zamani na wakasilimu nayo, na kwamba lau si wanyama wa jihadi asingewazuilia hata shibri moja.

Pima kwa mizani hiyo. Umar hakusema hifadhi ni haramu. Aliweka hifadhi, akaifunga, akaweka mlinzi. Lakini mlango alioufungua aliufungua kwa chini: mnyonge kwanza, tajiri mwisho, hata tajiri huyo awe ni Uthman. Na aliona haya kuwazuilia wenyeji ardhi yao hata kwa sababu ya haki. Mkomazi na Loliondo mlango umefunguliwa kwa juu. Mwenye dola anaingia na gari, awe wa kamera au wa bunduki, na mwenye mbuzi 20 ndiye anayekamatwa na kutozwa faini.

Vile vile iko hadithi katika Sunan Abi Dawud kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Wanavyuoni wamefafanua kwamba ushirika huo ni katika yale yasiyomilikiwa na mtu kwa jasho lake, na kwamba mtawala anaweza kuyapanga kwa maslahi. Kupanga ni sawa. Kumpa mmoja akawazuia wote ndiko kunakohitaji hoja nzito, na anayedaiwa hoja ni aliyezuia.

Na ndugu zetu wa Ghuba? Tunasema bila ya kuuma maneno. Uislamu wa mwindaji haumpi haki ya ziada juu ya malisho ya mtu, hata mtu huyo asiwe Muislamu. Wamasai wengi si Waislamu, na dhulma kwa asiye Muislamu ni dhulma. Dua yake inasikilizwa. Hatusemi kwamba kila mgeni wa OBC alijua kilichofanyika kwa ajili ya kitalu chake, wala hatuna idhini ya kuhukumu nyoyo. Wapo katika Ghuba waliotusaidia visima na misikiti na tunawaombea kheri. Lakini msikiti mmoja haununui kimya juu ya maboma yaliyochomwa. Huko Pakistan, ambako wawindaji wa Ghuba huenda na vipanga kuwafuata ndege aina ya hubara, ni Waislamu wenyewe waliowapeleka mahakamani. Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikapiga marufuku uwindaji huo Agosti 2015, kisha Januari 2016 ikaitengua marufuku yake. Hakuna aliyewaambia waliofungua kesi kwamba wametoka katika udugu.

Tusiwaelekee wageni peke yao lakini. Pikipiki imebadilisha uwindaji wa wenyeji kuliko kitu kingine chochote. Zamani mtu wa Usangi akitaka kuwinda tambarare alishuka kwa miguu, akalala, akapanda na mzigo. Uchovu wenyewe ulikuwa ni sheria. Sasa vijana wawili na tochi kali wanashuka baada ya isha, mnyama anapigwa mwanga anaganda, anapigwa rungu au anagongwa, na kabla ya alfajiri nyama iko mlimani inauzwa kwa vipande. Wanakata njia mpya vichakani, na njia ya pikipiki leo ni njia ya mkaa kesho. Mfugaji naye anaamka anakuta mbuzi wake wametawanyika. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila ya leseni, kuwinda usiku kwa tochi na kupiga mnyama ukiwa ndani ya chombo, na nyama ukikutwa nayo bila ya kibali ni nyara ya Serikali. Mwenye nyumba anayenunua kilo mbili naye yumo hatarini, si muuzaji tu.

Kuhusu hukumu ya nyama yenyewe, tuwe wepesi na wazi.

Kuwinda kwa ajili ya kula ni halali kwa Qur'ani, Sunna na ijmai, isipokuwa kwa aliye katika ihram na ndani ya haram. Msingi wake ni aya za mwanzo za Surat al-Maida na hadithi ya Adiy bin Hatim. Adiy aliuliza juu ya fimbo ya kurushia, na Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kwamba kinachouawa kwa ncha kikachoma kinaliwa, na kinachouawa kwa ubapa hakiliwi, kwani hicho ni kilichokufa kwa kipigo. Hapo limekwisha suala la gari na pikipiki. Mnyama aliyegongwa akafa ni mfu, hata dereva angesoma bismillahi mara 100. Akikutwa hai bado, ana uhai wa kweli, akachinjwa kisheria, analiwa. Aliyepigwa rungu akafa ni hivyo hivyo mfu. Aliyefukuzwa na chombo mpaka akaanguka kwa uchovu akafa bila ya jeraha, naye haliwi kwa madhehebu yetu ya Shafi. Ama risasi, wanavyuoni wa zama hizi wengi, na kabla yao Shawkani, wanaona kuwa inachoma mwili kama mshale, basi mnyama aliyeshindikana kushikwa akapigwa risasi akafa analiwa. Kutaja jina la Allah ni sunna iliyotiliwa mkazo kwa Shafi na ni wajibu kwa wengi wengine, kwa hiyo asiache mtu.

Ikiwa imepigwa kisheria na ikachinjwa, lakini bila ya leseni? Kitendo ni maasia, kwa kuwa kimevunja amri ya mtawala iliyowekwa kwa maslahi, na kwa kuwa wanyamapori kwa sheria ya Tanzania ni mali ya umma. Wapo wanaokifananisha na kuchukua kutoka baitul mal. Nyama haigeuki kuwa mzoga kwa sababu hiyo. Lakini kuinunua ni kusaidia jambo hilo, na kwa hali ya Kighare, ambako mnunuzi hajui kama mnyama aligongwa au alichinjwa, sisi tunatoa fatwa ya kuiacha. Asili katika nyama ni uharamu mpaka ijulikane kuwa imechinjwa au imewindwa ipasavyo. Kauli ya mchinjaji Muislamu inatosha, na hapa mchinjaji hajulikani.

Jambo la pembeni, lakini linawahusu wengi wanaosafiri: tangu kanuni za mwaka 2020 Bara imeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Leseni ya bucha si cheti cha halali. Uliza nani alipiga, nani alichinja. Swala, pofu na nyati wanaliwa, na pundamilia analiwa kwa Shafi. Ngiri haliwi, naye ni jamii ya nguruwe, hata akiitwa nyama ya porini kwa jina la heshima.

Na kuwinda kwa mchezo, kwa ajili ya pembe au picha? Katika madhehebu yetu mnyama anayeliwa haiuliwi roho yake ila kwa kuliwa. Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomfunga ndege wakishindana kumlenga, wakatawanyika walipomuona, naye akawaambia kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya shabaha chenye roho. Anayempiga nyati kisha nyama ikagaiwa kijijini hali yake ni tofauti na anayempiga simba akarudi na ngozi. Simba akivamia watu anauliwa, hiyo ni kujikinga. Simba aliyelala umbali wa maili kumi kutoka kwa mtu yeyote, akatafutwa kwa gari, huyo hatuoni njia ya kuhalalisha kumuua. Na anayeshughulika na mawindo mpaka akapitwa na swala za alfajiri, ameshatahadharishwa katika hadithi ya Abu Dawud na Tirmidhi kuwa kufuata mawindo kunaleta kughafilika.

Tembo wanaoshuka mashambani Toloha na Kwakoa ni mlango mwingine. Mkulima ana haki ya kulinda mazao yake. Serikali ina malipo ya kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa, na majina yenyewe yanakubali kwamba si fidia. Kwa mtazamo wa fiqhi hapa pana deni. Aliyekuzuia usimguse mnyama kwa kuwa ni wake, kisha mnyama akala shamba lako usiku, hawezi kukufuta jasho akasema tumelingana. Fuqaha wanasema mwenye mifugo anadhamini kilichoharibiwa usiku, kwa sababu usiku ulinzi ni juu yake. Tunaliweka mbele ya wanasheria Waislamu wa Moshi na Arusha, walifanyie kazi.

Upareni kuna kitu ambacho wizara ingejifunza bila ya kwenda Marekani. Ni ndiva, mabwawa ya kienyeji ya kukusanya maji usiku na kuyafungulia kwa zamu. Wapare wamegawana maji machache kwa vizazi: leo mfereji wa huyu, kesho wa yule, anayeiba zamu anatozwa mbele ya wenzake. Wa juu hawezi kumaliza maji kwa sababu tu yuko juu. Malisho ya kiangazi pembezoni mwa hifadhi, siku za uwindaji katika mapori tengefu, njia za magari ya watalii katika ardhi ya kijiji, yote hayo yanaweza kupangwa kwa zamu ikiwa wote wameitwa kwenye kikao kabla ya vigingi kuchomekwa.

Msomaji wa Unguja asidhani haya ni ya Bara tu. Wanyamapori si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Misitu ya mwaka 1996. Paa nunga, ambaye hapatikani ila Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, analindwa, na bado wapo wasasi wanaomfuata kwa mbwa na nyavu. Pale Jozani kima punju walikuwa wakigongwa na magari mpaka yakawekwa matuta barabarani katika miaka ya 1990, na vifo vikapungua. Matuta machache tu ya lami, hayakuhitaji kuhamisha kijiji. Sasa yamekuja magari madogo ya magurudumu manne ya kukodisha watalii, yanapita kwa misafara katika njia za mashamba ya Kaskazini na Kusini, vumbi linaingia nyumbani, wanafunzi wa madrasa wanakimbilia pembeni. Njia ina haki zake katika hadithi mashuhuri ya Abu Said al-Khudri, na miongoni mwake ni kuzuia udhia.

Masheha wana uwezo wa kuwaita wenye kampuni hizo na kukubaliana njia na nyakati, khasa nyakati za swala na za kutoka chuoni. Kijiji ambacho hakijafanya hivyo kianze kwa kuandika njia zinazotumika na malalamiko yaliyopo, kiyapeleke kwa sheha kwa maandishi, na nakala ibaki msikitini.

Wallahu a'lam.